Fuateni Hewa Kabla ya Kulaumu Moto

Maneno haya niliyasema mbele ya mafundi wanaomaliza mafunzo ya vyombo vya umeme vya nyumbani, pamoja na watumiaji waliokuja kusikiliza. Nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Walimu wangu, mafundi wenzangu mnaoingia kazini, na nyinyi wenye mashine majumbani mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, nawasalimu kwa heshima.

Nimepewa nafasi hii nizungumzie mashine ya kukausha nguo, draya kama tunavyoiita kazini, pale inapozunguka vizuri, inanguruma vizuri, taa zinawaka, na baada ya saa nzima unafungua mlango unakuta nguo mbichi vilevile. Simu za namna hiyo nimezipokea miaka mingi, na karibu zote huanza kwa maneno yaleyale: "Fundi, inazunguka lakini haipashi."

Naomba tulitazame kwanza neno hilo, haipashi, kwa sababu kazi nyingi huharibikia hapo, kabla bisibisi haijatoka mkobani. Mwenye mashine hajapima joto. Ameshika nguo, ameziona mbichi, akaamua kwamba moto haupo. Ana haki ya kuamua hivyo. Kujua zaidi si kazi yake, ni kazi yako wewe fundi. Huenda mashine haipashi hata chembe. Huenda inatoa vuguvugu tu. Huenda inapasha vizuri kwa robo saa kisha inaacha. Na huenda, na hili hutokea mara nyingi kuliko mafundi wengi wanavyokubali, inapasha kupita kiasi lakini nguo hazikauki. Hayo ni magonjwa manne, na dawa zake hazifanani.

Kuyatenganisha hakuhitaji kifaa chochote. Toa nguo zote, chagua programu ya muda yenye joto la juu, si ile inayojipimia unyevu, maana hiyo ikikuta pipa tupu itajizima mapema. Iache izunguke dakika 10. Gusa kioo cha mlango. Fungua, ingiza mkono ndani. Kisha toka nje hadi pale bomba linapotolea hewa, uweke kiganja chako. Ndani baridi na nje baridi: hapo moto kweli haupo. Ndani joto kali na nje hewa inatoka kwa unyonge kama pumzi ya mgonjwa: moto upo, hewa haipiti. Dakika hizo 10 zimeniokolea siku nzima za kazi.

Kwa nini naitaja hewa kabla ya moto? Watu wengi hudhani draya hukausha nguo kama pasi, kwa kuzichoma mpaka maji yaishe. Sivyo. Kazi ya joto ni kuyageuza maji kuwa mvuke. Kuuondoa mvuke huo ni kazi ya hewa. Feni huvuta hewa ya chumbani, hewa hiyo hupita kwenye elementi, yaani koili ya kupashia, ikapata moto, huingia kwenye pipa, hupenya katikati ya nguo zinazorushwa, hubeba mvuke, hupita kwenye chujio, hutoka nje. Njia hiyo ikiziba, hewa iliyomo ndani ya pipa hushiba mvuke, na hewa iliyoshiba haichukui tone jingine. Unaweza kuongeza moto upendavyo. Nguo zitatokota ndani ya unyevu wao wenyewe na zitabaki mbichi.

Maji nayo ni mzigo mzito kuliko yanavyoonekana. Kugeuza kilo 1 ya maji kuwa mvuke kwenye joto la nguo kunahitaji takriban kilojuli 2,400, yaani karibu theluthi mbili ya yuniti moja ya umeme. Sasa chukua nguo zenye uzito wa kilo 7 zikiwa kavu. Mashine ya kufulia ikizikamua kwa mizunguko 1,000 kwa dakika, zinatoka zikiwa bado na maji kama asilimia 60 ya uzito huo, zaidi ya kilo 4. Kuyatoa maji hayo kunakula karibu yuniti 3, hata kama hakuna joto linalopotea popote. Draya yenye elementi ya kilowati 2.5, ikiwa nzima kabisa, itahitaji zaidi ya saa moja. Sasa fikirieni mashine ya kufulia ambayo pampu yake imeziba na haikamui sawasawa, nguo zinaingia kwenye draya zikichuruzika. Hakuna draya itakayowaridhisha. Nimewahi kuitwa kutengeneza draya, nikatengeneza mashine ya kufulia, nikaondoka. Ndiyo maana swali langu la kwanza mlangoni huwa hili: nguo zikitoka kufuliwa, ukizisokota kwa mkono zinatoa maji? Zikitoa, draya haina kosa bado.

Maswali mengine ni mepesi. Je, kuna mtu aligusa kitufe cha hewa baridi? Programu hiyo ipo kwenye mashine nyingi na haiwashi moto kabisa. Je, pipa linajazwa mpaka nguo hazina nafasi ya kudondoka? Je, mashine inasimama mapema huku nguo zikiwa na unyevunyevu? Hiyo ya mwisho mara nyingi si joto. Ndani ya pipa, karibu na chujio, kuna vipande viwili vya chuma vinavyopima unyevu kila nguo zinapovigusa. Karatasi na dawa za kulainisha nguo huvipaka utando usioonekana, mashine ikadhani nguo zimekauka. Vifute kwa kitambaa chenye spiriti, vikaushe, jaribu tena.

Na dakika za mwisho za programu, ambapo nguo zinazunguka bila moto, msizikatize. Wengi hudhani mashine imeacha kupasha kabla ya wakati wake. Ule ni upoozaji, na umewekwa kwa sababu nzito. Vitambaa vilivyowahi kulowa mafuta ya kupikia hubaki na mafuta kidogo hata baada ya kufuliwa. Vikitolewa vya moto vikarundikwa, mafuta yale huendelea kuungana na oksijeni na kuzalisha joto ndani ya rundo, na rundo linaweza kuwaka lenyewe bila mtu kuligusa. Vitambaa vya jikoni vyenye mafuta ni bora visiingie kwenye draya kabisa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hapa.

Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii, niliitwa nyumbani kwa mama mmoja mwenye watoto watatu wadogo. Draya haipashi kabisa. Nikafungua nyuma, nikapima, nikakuta fyuzi ya joto, kile kipande kinachokata umeme joto likizidi, imekatika. Nikaweka mpya, mashine ikapasha, mama akanilipa na kunishukuru. Baada ya wiki tatu akapiga simu: imerudi kulekule. Nikapima, fyuzi ileile. Nikamwambia huenda ile ya kwanza ilikuwa mbovu tangu dukani, nikaweka nyingine. Mwezi haukuisha. Mara ya tatu ndipo nilipoivuta mashine mbali na ukuta, nikatazama bomba la kutolea hewa. Lilikuwa la plastiki laini lenye mikunjo, limebanwa kati ya mashine na ukuta mpaka likalala bapa. Nilipolikata, ndani lilikuwa limeshindiliwa manyoya ya nguo, makavu, mepesi, na upande wa karibu na mashine yalikuwa yameanza kugeuka rangi ya kahawia.

Nilikaa chini pale sakafuni. Upande wa pili wa ukuta ule kilikuwa chumba cha watoto. Zile fyuzi mbili nilizozitupa nikiziita mbovu zilikuwa zimefanya kazi yake barabara. Zilikuwa zimezuia moto, mara mbili, na mimi mara mbili nikaurudishia moto njia. Nilimrudishia mama fedha za safari zile mbili za kwanza, nikamwekea bomba la chuma. Tangu siku ile sijabadilisha fyuzi ya joto bila kujua nini kimeikata.

Wahenga wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sijaona mahali msemo huo unapokaa vizuri kama ndani ya draya. Manyoya yanayoiua mashine hayatoki nje. Ni nyuzi za mashuka yenu, za taulo zenu, zinazonyofoka kidogokidogo kila nguo zinaporushwa. Chujio hukamata nyingi, si zote. Zinazoponyoka hutulia kwenye bomba, kwenye feni, kuzunguka elementi yenyewe. Nchini Marekani, ambako draya zimeenea sana, idara ya taifa ya zimamoto ilikadiria kwamba kati ya 2008 na 2010 draya za majumbani zilisababisha karibu moto 2,900 kila mwaka, na chanzo kilichoongoza, asilimia 34, kilikuwa kutosafishwa. Kilichoongoza katika mashine hizo hakikuwa kasoro ya kiwandani. Hazikusafishwa.

Kwa hiyo njia ya hewa tunaianza kwenye chujio, na tunaifuata mpaka nje ya nyumba.

Chujio husafishwa kila baada ya mzigo mmoja, si kila wiki. Hilo mnalijua. Wengi wasilolijua ni kwamba chujio linaweza kuonekana safi na likawa limeziba. Dawa za kulainisha nguo huacha utando kwenye wavu wake. Lipelekeni kwenye bomba la maji, mlimwagie maji. Maji yakipita moja kwa moja, chujio ni zima. Yakituama juu ya wavu kama yaliyomo kwenye sahani, hewa nayo haipiti. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini, likauke kabisa kabla ya kulirudisha. Nimeona mashine iliyohukumiwa kutupwa ikapona kwa brashi ya meno na sabuni, na mwenye mashine akabaki ameishika brashi ile haamini. Tazameni pia nafasi ambamo chujio hukaa. Ingizeni brashi ndefu, maana hapo chini hujificha manyoya, sarafu, hata soksi ya mtoto.

Kisha bomba. Liwe la chuma, laini kwa ndani, lenye upana wa sentimita 10 kwa mashine nyingi, fupi na lenye kona chache iwezekanavyo. Kanuni za ujenzi wa nyumba za Marekani huweka kikomo cha futi 35, kama mita 10.7, na kila kona ya nyuzi 90 hupunguza futi 5 katika kikomo hicho. Hata kama hamko chini ya kanuni hizo, hesabu yake ni nzuri kuijua: kona moja hula hewa kama mita moja na nusu ya bomba lililonyooka. Bomba la plastiki au la karatasi ya alumini yenye mikunjo msilikubali. Mikunjo hukamata manyoya, na plastiki yenyewe huwaka. Maungio yafungwe kwa klampu au utepe wa alumini, si skrubu ndefu zinazochungulia ndani, kwa sababu kila ncha ya skrubu ni ndoano ya manyoya.

Mwisho wa bomba, nje, kuna kifuniko kinachofunguka kwa nguvu ya hewa. Kikiwa kimekwama, kimepakwa rangi, au ndege amejenga kiota chake humo, yote mliyoyafanya ndani hayana faida. Mtu akiwa ameweka wavu hapo kuzuia wadudu, uondoeni. Utajaa manyoya upesi.

Kuna jaribio moja ninalolipenda, kwa mashine ya umeme tu, si ya gesi: chomoa bomba nyuma ya mashine, uiwashe na mzigo mdogo wa nguo zenye unyevu, uiache ipulizie chumbani kwa dakika chache ukiwa umesimama pale. Ikikausha vizuri, ugonjwa uko kwenye bomba, na huna sababu ya kufungua skrubu hata moja ya mashine. Ikiwa hali ni ileile, ndipo uingie ndani, na hata humo anza na feni. Gurudumu la feni likiwa limejaa manyoya, au tundu lake la katikati limelika likawa linateleza kwenye mhimili wa mota, mashine itanguruma kama kawaida huku haisukumi kitu. Ukanda wa felti unaozunguka pipa ukichakaa, hewa ya baridi huingia kwa njia ya mkato bila kupita kwenye elementi.

Hapa kuna jambo linalowatatiza wanafunzi kila mwaka, kwa hiyo naomba tulielewe taratibu. Hewa ikiwa kidogo, mbona mashine hutoa joto dogo, wakati elementi iko palepale? Kwa sababu karibu na elementi kuna themostati ya kikomo, swichi inayokata umeme joto likizidi na kuurudisha likishuka. Hewa isipoipooza elementi, joto la pale hupanda haraka, themostati inakata. Inapoa, inarudisha. Inapanda, inakata. Kwa mtumiaji hiyo ni mashine ya vuguvugu. Ukweli ni mashine inayoungua na kuokolewa kila dakika chache. Na themostati ikifanyishwa kazi hiyo miezi mingi, mwisho huchoka, na hapo ndipo fyuzi ya joto hukatika, kama ilivyokatika kwa yule mama.

Tukishamaliza hewa, tuje kwenye umeme. Chomoa plagi. Kuzima swichi ya mbele hakutoshi; chomoa, na uiweke plagi mahali unapoiona wewe. Kwa ya gesi, funga na koki. Vaa glavu, maana kingo za bati za mashine hizi zina makali kama wembe.

Tazama plagi yenyewe na soketi. Ikiwa na doa la kuungua au plastiki imelegea kwa joto, umepata kitu. Halafu pima umeme unaoingia, kwani nguvu ya elementi hupungua kwa mraba wa volti. Elementi iliyoundwa kwa volti 240 ikipata 200 hutoa chini ya asilimia 70 ya joto lake. Ekstensheni ndefu na nyembamba inatosha kuleta hasara hiyo, na yenyewe hupata moto kwa hatari. Draya iunganishwe moja kwa moja ukutani. Katika nchi kama Marekani na Kanada, draya kubwa hupokea nyaya mbili zenye umeme, kila moja volti 120. Breka ya upande mmoja ikianguka, mota huweza kuendelea kuzunguka kwa upande uliobaki na elementi hufa kabisa. Fundi anayekutana na mashine ya mfumo huo aanze kwenye breka. Kwenye mfumo wa waya mmoja wenye umeme wa volti 220 hadi 240 hali hiyo haitokei: umeme ukikatika, vyote vinasimama.

Sasa mita ya kupimia umeme, iwekwe kwenye omu, kipimo cha ukinzani. Chomoa angalau waya mmoja wa kile unachokipima, la sivyo utapima kingine usichokikusudia.

Fyuzi ya joto isomeke karibu na sifuri. Isiposoma kitu, imekatika na hairudi, hubadilishwa. Baadhi ya mashine zina kikato chenye kitufe kidogo cha kukirudisha upande wa nyuma, na hicho ukikibonyeza kikalia "tik", usifurahi mpaka ujue kwa nini kiliruka. Themostati ya kawaida, ile inayowasha na kuzima moto wakati wa kazi, hukata hewa ikifika nyuzi 60 hadi 70 hivi za Selsiasi kwenye mashine nyingi. Ile ya kikomo iko juu zaidi, mara nyingi karibu nyuzi 120. Zote zikiwa baridi zinatakiwa zipitishe. Mashine zenye bodi ya elektroniki hutumia themista, kipima joto ambacho ukinzani wake hushuka joto likipanda, na nyingi zake husoma takriban omu 10,000 kwenye nyuzi 25. Ishike kwenye kiganja: namba ianze kushuka. Isiposhuka, inaidanganya bodi.

Elementi ndiyo kila mtu anayoitaka kuibadilisha kwanza. Hesabu kabla ya kupima: volti mara volti, gawanya kwa wati. Elementi ya wati 2,500 kwa volti 230 isome karibu omu 21. Ya wati 5,400 kwa volti 240, ambayo ni ya kawaida kwenye draya za Marekani, karibu omu 11. Isiposoma kitu, waya umekatika. Baadhi ya mashine zina koili mbili. Moja ikikatika unapata nusu ya joto, na mtumiaji atakuapia kwamba mashine "imezeeka". Baada ya hapo fanya kipimo ambacho wengi hukiruka: kutoka kila ncha ya elementi hadi kwenye bati la mwili wa mashine. Pasisome kitu chochote. Pakisoma, koili imelegea na kugusa bati, na mashine ya namna hiyo inaweza kurusha mtu kwa umeme au kupasha wakati haitakiwi kupasha. Hiyo haitumiki tena hata kwa mzigo mmoja.

Kama vyote hivyo ni vizima, kumbukeni swichi iliyo kwenye mota. Katika mashine nyingi umeme wa elementi hupitia swichi hiyo, na haifungi mpaka mota ifikie kasi, ili moto usiwake pipa likiwa limesimama. Nukta zake zikiungua, mota inazunguka na moto hauji. Bodi iwe ya mwisho kushitakiwa. Ni ghali, na ninaumia kila ninapokuta imebadilishwa bure na fundi aliyetangulia. Ukiifikia, angalia rilei ya elementi, ile swichi ya kwenye bodi inayoiwasha, na lehemu zake kabla ya kuagiza nyingine.

Kwa draya za gesi nitasema machache. Chungulia kiwashio. Kisipowaka chekundu, kipime chenyewe na fyuzi. Kikiwaka na moto usitoke, au moto ukitoka mara ya kwanza kisha mashine ikipata joto ukakataa kurudi, karibu kila mara ni koili za vali ya gesi zinazochoka zikipata joto. Vali yenyewe usiifungue. Na bomba la hewa la draya ya gesi likiziba, moshi wa gesi hurudi chumbani ukiwa na kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Hapo hatuzungumzii nguo tena.

Mashine zisizo na bomba la nje zinaongezeka, na zinahitaji jicho jingine. Zenye kondensa hupoza hewa ndani na kukusanya maji kwenye tangi. Kondensa ikijaa manyoya, mvuke hauna pa kwenda. Itoe, ioshe kwa maji, mwaga tangi. Zenye pampu ya joto hufanya kazi kwa hewa ya nyuzi 50 hadi 60 hivi, kwa muda mrefu zaidi, na kwa umeme mdogo sana. Mtu aliyetoka kwenye mashine ya zamani atagusa mlango wake, aseme haipashi. Mweleze kwa upole kwamba ndivyo ilivyoundwa, umwonyeshe chujio la pili lililo chini na mapezi ya alumini nyuma yake, yafutwe kwa brashi laini bila kuyapinda. Kama kompresa kweli haifanyi kazi, ni kazi ya fundi wa majokofu mwenye vifaa vya kuhifadhi gesi ya kupoozea. Baadhi hutumia propani, nayo hulipuka.

Kuna jambo moja naomba niliseme kwa sauti. Nimekuta, zaidi ya mara moja, fyuzi ya joto iliyoungwa waya juu yake. Fundi hakuwa na kipuri, mteja ana haraka, waya wa senti chache ukapita pale, mashine ikapasha, kila mtu akafurahi. Ndugu zangu, nisikilizeni. Kile kipande kidogo ndicho cha mwisho kinachosimama kati ya manyoya makavu na elementi nyekundu, usiku, watu wamelala. Ukikiruka, umeondoka na fedha za mteja na umemwachia moto unaosubiri. Ukikosa kipuri, mwambie hivyo. Ichomoe mashine, andika karatasi, ibandike mlangoni: isitumike. Atakasirika. Mwache akasirike. Na nyinyi wenye mashine, fundi akiwaambia amefanya ujanja mpaka kipuri kipatikane, mwambieni autoe ujanja huo mbele ya macho yenu kabla hajaondoka.

Baada ya matengenezo, usiondoke mashine ilipoanza tu kupasha. Kaa. Weka kipimajoto kwenye hewa inayotoka, sikiliza moto ukija na kukata, ukija na kukata, angalau mara tatu. Kisha mwite mwenye nyumba, mpe chujio mkononi mwake alisafishe yeye mwenyewe ukiwa unamtazama, umpeleke na nje akahisi hewa kwa kiganja chake. Akishaijua nguvu ya hewa ile ilivyo siku mashine ni nzima, ataitambua siku itakapopungua, na atakupigia simu fyuzi ikiwa bado haijakatika.

Nyuma yangu kuna draya tatu, zimechomolewa. Moja haipashi kabisa, moja ni vuguvugu, na moja haina ubaya wowote ila chujio lake. Sitawaambia ipi ni ipi. Mita ziko mezani, lakini bado msizichukue. Anzeni kwa ndoo ile ya maji na machujio matatu.